Ikoni za Kompyuta ya Saiba: Mteja Aione Njia Mwenyewe

Maneno ya mazungumzo kwa wenye saiba na wahudumu wa vituo vya kompyuta vya Thika na Ruiru

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Akiingia uani huonekana na kila mtu, naye hana pa kujificha. Mteja anayeketi mbele ya kompyuta asiyoizoea ni mgeni wa namna hiyo. Mkono wake unatetemeka juu ya kipanya, macho yanatangatanga kwenye skrini, na nyuma yake kuna foleni inayomtazama.

Chukua mfano wa siku za mwisho za mwezi wa Juni, wakati kila mwenye PIN ya KRA anaharakisha kuwasilisha ripoti yake ya kodi kabla ya tarehe 30. Mama anayeuza mboga katika soko la Madaraka, Thika, ameingia saiba. Nenosiri lake analo, ameliandika kwenye karatasi aliyoikunja ndani ya leso. Ripoti imekubaliwa na stakabadhi imepakuliwa. Kilichobaki ni kuifungua na kuichapisha.

"Mama, bofya ile folda," mhudumu anasema.

"Folda ndiyo gani, mwanangu?"

"Hiyo ya bluu, yenye mshale."

"Hapa naona nne za bluu, na mishale siioni."

"Basi nipe nenosiri, nikufanyie. Wengine wanangoja."

Mama anaifungua leso na kutoa karatasi. Kazi inaisha kwa dakika mbili, analipa, anaenda zake. Lakini nenosiri lake sasa linajulikana na mtu mwingine, na stakabadhi yenye jina na PIN yake imebaki ndani ya mashine ambayo mteja anayefuata ameshaanza kuitumia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni picha ndogo iliyo wazi.

Hilo ndilo jambo la mazungumzo haya. Watu wengi huchukulia uchaguzi wa ikoni za kompyuta kuwa urembo, kama kuchagua pazia. Katika kompyuta ya nyumbani huenda ikawa hivyo. Katika kompyuta inayotumiwa na umma, ikoni ni kibao cha barabarani. Kibao kikisomeka, mtu hujiendea mwenyewe. Kisiposomeka, humwomba mtu ampeleke, na akishapelekwa huwa amekabidhi mkoba wake.

Kwa nini sasa

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, unadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo haziyatimizi masharti hayo, ingawa kibodi zake bado ni nzima na diski zake bado zinazunguka.

Mwenye saiba aliye na mashine kama hizo ana njia chache. Anaweza kununua nyingine. Anaweza kuendelea na mfumo usiozibwa tena matundu yake, jambo la hatari mahali ambapo watu wanaandika nambari za vitambulisho mchana kutwa. Au anaweza kuweka mfumo wa Linux, ambao hauna ada ya leseni. Linux Mint, kwa mfano, hufanya kazi kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa. Toleo lake la Xfce ni jepesi kwa mashine kuukuu.

Njia hii ya mwisho ina gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti. Siku mfumo unapobadilishwa, picha zote hubadilika. Mteja aliyekuwa amekariri kwamba "ile e ya bluu ndiyo intaneti" hukuta haipo. Mwanafunzi aliyezoea folda ya manjano hukuta ya kijani. Ndipo mwenye saiba husikia ikisemwa kwamba mashine zake zimeharibika, kumbe zimebadilishwa sura tu. Na si kijiji kidogo kinachozungumziwa hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Watu wanaotegemea kompyuta isiyo yao ili kupata huduma za serikali si wachache.

Kwa bahati nzuri, kwenye Linux sura hiyo inaweza kuchaguliwa upya kwa mbofyo mmoja, bila senti. Ila sharti anayechagua ajue anachochagua.

Picha zilitoka wapi

Ikoni za kompyuta hazikuteremka kutoka mbinguni. Kampuni ya Xerox iliuza mashine yake ya Star mwaka 1981, ikiwa na picha za karatasi, folda na kabati, kwa sababu wateja wake walikuwa watu wa ofisini. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilitoka ikiwa na michoro ya msanii Susan Kare, aliyeichora kwanza kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila nukta ya skrini. Pipa la taka, mkono na kompyuta inayotabasamu ni baadhi ya picha za enzi hizo.

Picha zile zilieleweka kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwa mezani. Leo baadhi ya vitu hivyo havipo. Ikoni ya kuhifadhi kazi bado ni diski ya mraba iliyobeba MB 1.44, na kijana wa chuo aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajawahi kuishika. Yeye ameikariri tu kama herufi. Mzee aliyeanza kutumia kompyuta mwaka huu hajaikariri, na kitu chenyewe hakijui. Kwake hiyo ni alama isiyo na maana.

Wakenya si wageni katika jambo la picha kubeba maana. Katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, ndizi ilisimamia "ndiyo" na chungwa likasimamia "la". Mtu asiyejua kusoma aliweza kupiga kura yake kwa siri, bila kunong'onezwa na mtu, kwa kuwa matunda hayo mawili hayafanani kwa umbo, kwa rangi wala kwa jina. Anayechagua ikoni za saiba na ajiulize swali hilo hilo: je, picha hizi zinatofautiana kama ndizi na chungwa, au ni machungwa manne yaliyopangwa kwenye mstari?

Seti ya ikoni ni nini

Kwenye Linux, ikoni hukaa katika seti. Seti moja ni folda yenye picha nyingi zilizochorwa kwa mtindo mmoja, pamoja na faili dogo liitwalo index.theme linaloieleza kompyuta picha zipo za ukubwa gani na ziko wapi.

Njia nzuri ya kuelewa utaratibu wake ni kusimama kando ya barabara ya Thika. Matatu zinazopita hapo zimechorwa kila namna: wachezaji wa mpira, wanamuziki, moto na radi. Kila mmiliki huchagua urembo wake. Lakini ile ya Thika huwa na namba 237, ile ya Ruiru 145, na tangu kanuni za mwaka 2004 za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, mstari wa njano ukawa alama ya matatu. Abiria haitaji kuupenda mchoro. Anasoma namba na kupanda.

Ikoni nazo zina namba zao. Mradi wa freedesktop.org uliandika kanuni mbili: moja ya namna seti inavyopangwa, nyingine ya majina ya picha. Picha ya kuhifadhi lazima iitwe document-save, ya printa iitwe printer, ya pipa la taka iitwe user-trash. Msanii anaweza kuchora pipa la duara au la mraba, la bati au la plastiki. Maadamu ameliita user-trash, programu italipata. Ndiyo maana sura yote ya kompyuta inaweza kubadilishwa bila programu hata moja kuguswa.

Na picha ikikosekana? Kanuni imetoa jibu. Kila seti inaweza kutaja seti nyingine ya kukopa kutoka kwake. Kompyuta hutafuta kwenye seti iliyochaguliwa, isipopata huenda kwa ile inayokopeshwa, na mwisho kabisa huishia kwenye seti ya akiba iitwayo hicolor. Huo ni utaratibu mzuri, lakini una ila yake: seti iliyochorwa nusu itaonyesha picha za mitindo mitatu kwenye skrini moja, na mteja atadhani tofauti ya mtindo ni tofauti ya maana.

Mambo matano ya kupima

La kwanza ni umbo. Seti nyingi za kisasa huweka kila picha ndani ya kisanduku kimoja cha duara au cha mraba. Zinapendeza zikitazamwa kwa pamoja, lakini jicho la mgeni hutambua umbo kabla ya kusoma kilichomo. Printa ifanane na printa, bahasha na bahasha. Rangi isaidie tu, isibebe mzigo wote, kwani wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani.

La pili ni ukubwa. Picha za mtindo wa SVG huchorwa kwa mistari ya kihesabu, hivyo hukuzwa bila kuvurugika. Picha za mtindo wa PNG zilizochorwa kwa nukta 48 zikikuzwa huwa na ukungu. Kwa skrini ya saiba, ikoni za eneokazi, yaani uso wa kwanza unaoonekana kompyuta inapowaka, zinafaa kuwa nukta 64 au zaidi.

La tatu ni mwanga na kivuli. Ikoni ndogo za upau wa chini, kama za mtandao na sauti, mara nyingi huwa za rangi moja. Ikoni nyeupe kwenye upau mweupe hazionekani. Kabla ya kuamua, upau uangaliwe mchana dirisha likiwa wazi, kwa sababu taa ya usiku huficha makosa.

La nne ni ukamilifu. Seti iliyo kamili ina picha za programu, za folda, za aina za faili na za hali ya mashine. Seti ya Papirus, iliyochorwa kwa SVG, inafahamika kwa kuwa na picha za programu nyingi sana. Seti za Mint-Y, zinazokuja na Linux Mint yenyewe, zina folda za rangi mbalimbali. Mwenye saiba asiyetaka kuhangaika akianza na mojawapo ya hizo hatapotea.

La tano husahaulika, na ndilo linalogusa siri za wateja. Faili likifutwa kwa njia ya kawaida huenda kwenye pipa na kubaki humo hadi pipa limwagwe. Kanuni ya majina imeweka picha mbili kwa hali hizo mbili: user-trash kwa pipa tupu na user-trash-full kwa pipa lenye kitu. Baadhi ya seti za mtindo bapa huzichora zikafanana, tofauti ikiwa kijistari kimoja. Mama wa soko la Madaraka anahitaji kuona kwa jicho lake, kabla hajainuka, kwamba pipa ni tupu na stakabadhi yake haimo. Seti isiyoonyesha tofauti hiyo kutoka hatua mbili haifai kwa saiba, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kuiweka na kuirekebisha

Kwenye Linux Mint ya Xfce, mhudumu hufungua mipangilio iitwayo "Appearance", huingia sehemu ya "Icons" na kuchagua seti kwenye orodha. Mabadiliko huonekana papo hapo. Ukubwa wa ikoni za eneokazi hubadilishwa kwenye mipangilio ya "Desktop". Humo pia kuna chaguo la kufungua kitu kwa mbofyo mmoja badala ya miwili. Mtu mwenye vidole vilivyokakamaa kwa jembe au kwa uzee hushindwa kubofya mara mbili kwa haraka, na chaguo hilo moja huweza kumwondolea aibu ya siku nzima.

Jambo moja la kiufundi huwakwaza wengi. Seti ikiwekwa ndani ya folda ya mtumiaji mmoja, kama vile .icons au .local/share/icons, itaonekana kwa mtumiaji huyo pekee. Saiba iliyo makini huwapa wateja akaunti ya mgeni, ambayo kwenye Linux Mint hufuta kila kitu mteja anapotoka. Akaunti hiyo haitaiona seti iliyofichwa kwenye folda ya mwenye duka. Seti ya kila mtu inapaswa kukaa kwenye /usr/share/icons. Inapopakuliwa kupitia kituo cha programu cha mfumo wenyewe, huwekwa hapo bila kuulizwa.

Baada ya seti kuchaguliwa, kazi yenye manufaa zaidi ni kutengeneza ikoni chache za huduma. Njia ya mkato kwenye eneokazi la Linux ni faili dogo la maandishi lenye mistari michache: jina, picha na anwani inayofunguliwa. Hapo ndipo Kiswahili kinaingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini skrini nyingi za saiba hazina neno lake hata moja. Hakuna kinachozuia jina likaandikwa "Ripoti ya Kodi", "Huduma za eCitizen", "Karatasi Zilizopakuliwa" au "Chapisha". Maneno ya Kiswahili kwenye kompyuta si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Jina lina kazi nyingine. Mji wa Thika una shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na wahitimu wa shule za namna hiyo nao huhitaji huduma za mtandao. Programu ya kusoma skrini, kama Orca kwenye Linux, haisomi picha. Husoma jina lililo chini yake. Njia ya mkato iliyoachwa ikiitwa "Untitled 3" ni ukuta kwa mtu huyo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na mara nyingine haki hiyo huanza kwa mtu kuandika jina vizuri. Kwa wenye uoni hafifu, ikoni kubwa za rangi zinazokinzana hutosha.

Waliobaki kwenye Windows hawajaachwa nje. Njia ya mkato yoyote hubofywa kwa kitufe cha kulia, ikafunguliwa "Properties", na humo kuna "Change Icon". Kushikilia kitufe cha Ctrl huku gurudumu la kipanya likizungushwa hukuza ikoni zote za eneokazi.

Anayetaka kuchora zake mwenyewe ana Inkscape, programu huria ya kuchora kwa SVG. Wanafunzi wa vyuo vya Thika, Juja na Ruiru wanaosomea usanifu wana hapa kazi ndogo yenye faida kwa mtaa mzima. Mchoro wa matatu kwa huduma za uchukuzi, kitambulisho kwa huduma za usajili. Nanasi ni fahari ya Thika, lakini lisiwekwe kwenye ikoni ya kodi kwa sababu tu linapendeza. Picha iseme kazi.

Tahadhari

Picha yenyewe haiharibu mashine. Kinachoweza kuharibu ni kile kinachosafiri nayo. Machi 2024, mtumiaji wa eneokazi la KDE Plasma alipakua mandhari kamili iliyotengenezwa na mtu mwingine na kuwekwa kwenye duka la mtandaoni la mfumo huo. Mandhari hiyo ilikuwa na amri ndani yake, na amri hizo zilifuta faili zake binafsi. Waendelezaji wa KDE waliwatahadharisha watumiaji wazi kwamba mandhari kamili huweza kuendesha amri. Seti ya ikoni pekee ni picha tu, lakini ikija na faili la kuisakinisha linalodai nenosiri la msimamizi, hapo si picha tena.

Mfumo wenyewe nao upakuliwe kwa uangalifu. Februari 20, 2016, wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa sumu. Waliolinganisha alama ya uthibitisho ya faili, ile mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, wangeigundua. Ni kazi ya dakika moja.

Tahadhari nyingine ni ya mteja. Ikoni ya huduma inayofungua anwani sahihi humkinga asiandike anwani kwa makosa na kuangukia tovuti bandia. Lakini picha yoyote inaweza kubandikwa juu ya anwani yoyote. Kwa hiyo mhudumu azikague njia zake za mkato kila asubuhi, afungue moja moja na kusoma anwani iliyo juu ya kivinjari. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke. Mteja naye afundishwe kusoma hapo.

Tena ngao ya taifa isitumiwe kama ikoni ya biashara. Sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa, Sura ya 99, inazuia matumizi hayo bila idhini. Mchoro wa kawaida wa kitambulisho au jengo unatosha. Hata seti za ikoni zina leseni. Nyingine huruhusu kutumiwa na kubadilishwa kwa masharti, nyingine hazina masharti kabisa. Michoro ya mradi wa Tango, ulioanza mwaka 2005, iliachwa kuwa mali ya umma mwaka 2009.

Mwisho, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamgusa mwenye saiba. Anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Kila mteja anayeweza kufungua, kuchapisha na kufuta mwenyewe humpunguzia mhudumu mzigo huo, kwa sababu nenosiri lisilotolewa haliwezi kupotea mikononi mwa mwingine.

Mtihani wa wateja watano

Kabla ya kuamua seti, mwenye saiba afanye mtihani mdogo. Aweke seti kwenye mashine moja. Achague wateja watano wa kawaida: mwanafunzi, mwendesha bodaboda, mzee, mfanyabiashara wa sokoni na mtu asiyewahi kutumia Linux. Awaombe, bila kuwaonyesha kwa kidole, wafanye mambo manne: wafungue intaneti, waitafute karatasi iliyopakuliwa, waichapishe, kisha waifute na kuhakikisha pipa ni tupu.

Mhudumu anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Aandike tu ni wapi mkono uliposita. Watatu kati ya watano wakisita mahali pamoja, kosa si lao. Picha ibadilishwe au jina liandikwe upya, kisha mtihani urudiwe. Maoni ya mhudumu mwenyewe hayahesabiwi hapa, kwa maana mwenyeji haoni tena vibao vya mtaa wake.

Seti ikishapita mtihani huo, iwekwe sawa kwenye mashine zote za duka, ikoni zikiwa mahali pamoja kwa mpangilio uleule, na isibadilishwe kila msimu. Mteja aliyejifunza Januari aikute Juni ilivyokuwa.

Ruiru ina mfano wake wa uchaguzi mwema. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapo kilitoa aina ya kahawa iliyopewa jina la Ruiru 11. Ni mti mfupi. Ulichaguliwa kwa sababu unahimili chulebuni na kutu ya majani, maradhi yaliyokuwa yakimmaliza mkulima kwa gharama ya dawa. Mkulima aliyeuchukua hakuuliza kama majani yake yanapendeza. Aliuliza kama utazaa bila kumfilisi.

Na wenye saiba wa Thika na Ruiru wachague ikoni zao kwa swali la namna hiyo. Juni ijayo yule mama atarudi na karatasi yake ndani ya leso. Akiketi, aione folda, aifungue, achapishe, afute, alitazame pipa likiwa tupu. Kisha aifunge leso yake kama alivyokuja nayo.